Mazoezi kabla ya kifungua kinywa: faida yake i wapi?

Alfajiri ya Jumamosi katika jiji la Dar es Salaam, kabla jua halijapanda juu ya bahari, vikundi vya watu waliovaa fulana za rangi moja huonekana wakikimbia kwa mistari kando ya barabara, huku wakiitikia nyimbo za mchakamchaka. Wamo makarani, wamo walimu, wamo wauguzi, na wamo wakuu wa idara ambao zamani hawakuweza kupanda ngazi za ofisi zao bila kutweta. Hilo ni jambo jema, nalo linastahili kupongezwa na kila mpenda maendeleo.

Lakini pamoja na fulana na nyimbo hizo umezuka ubishi. Katika vyumba vya walimu na katika ofisi za Serikali watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba mtu mnene asiyekimbia na njaa anapoteza muda wake bure, kwa sababu mwili wake utachoma chai na maandazi aliyokula, wala hautagusa kitambi. Kundi la pili hujibu kwamba kukimbia tumbo likiwa tupu ni kujitafutia kuanguka barabarani, kwani gari haliendi bila petroli. Kila kundi lina shahidi wake. Huyu ana shemeji aliyepungua hadi suruali zikamvuka. Yule ana jirani aliyezirai akabebwa.

Ubishi huu si wa kupuuzwa, maana ndani yake imo afya ya watu. Yupo karani anayejinyima chai kila asubuhi kwa mwezi mzima, akapanda juu ya mizani, akaona haikusogea, akavitupa viatu vyake uvunguni na kurudi katika kiti chake. Yupo pia mwalimu anayemeza vidonge vya kisukari, akashauriwa na wenzake akimbie kabla ya kula, naye akatii bila kumuuliza daktari. Wa kwanza amepoteza faida aliyokuwa akiipata bila kujua. Wa pili amejitia hatarini bila kujua. Wote wawili wamepotoshwa na kosa moja, yaani kudhani kwamba thamani ya mazoezi ya kabla ya kula hupimwa kwa kilo.

Ukweli ni kwamba faida hiyo ipo, na imethibitishwa na wataalamu, lakini haimo katika mizani. Imo katika damu na katika misuli. Asiyelielewa hilo atayasifu mazoezi hayo kwa sababu isiyo yao, kisha atayalaumu kwa kosa lisilo lao.

UNENE NA HESHIMA YA UONGO

Kwa muda mrefu kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema. Mtu aliyepandishwa cheo alitarajiwa anenepe, na mke aliyekonda alimtia mumewe aibu mbele ya wakwe. Fikra hizo zilitokana na enzi za njaa na maradhi, ambapo mwili mnono ulikuwa ushahidi kwamba mtu anakula na hana ugonjwa. Siku hizi ushahidi huo umegeuka. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila watu wanane duniani alikuwa na unene wa kupindukia. Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya wanne, miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64, akiwa na uzito uliozidi. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2015 na 2016, ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia.

Kipimo chenyewe si kigumu. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, huo ni unene wa kupindukia. Mtu mwenye urefu wa mita 1.70 huvuka mstari huo wa pili anapofikia kilo 87 hivi. Watumishi wengi wa ofisini wakikaa chini na penseli na kufanya hesabu hiyo kwa unyofu, watashangaa.

Wala si haki kusema kwamba wote hao ni wavivu. Mtumishi wa mjini hutoka nyumbani saa 11 alfajiri, huketi au husimama katika daladala saa nzima au zaidi, huketi ofisini hadi jioni, kisha hurudi kwa safari ile ile. Chakula kilicho karibu naye, chenye bei anayoimudu, ni chipsi, maandazi, chapati na soda. Miguu yake haina kazi, na mdomo wake hauna nafasi ya kuchagua. Katika hali kama hiyo, mtu anayeamka mapema ili akimbie anastahili kupewa maelezo ya kweli badala ya porojo.

MAGHALA MAWILI YA MWILI

Ili kuuelewa ubishi huu hapana budi kujua jinsi mwili unavyoitunza nguvu yake. Mwili una maghala mawili makubwa. Ghala la kwanza ni la sukari, iliyofungwafungwa katika ini na katika misuli kwa umbo ambalo wataalamu huliita glaikojeni. Ghala hili ni dogo. Ini hubeba kiasi cha gramu 100 tu, na misuli yote kwa pamoja hubeba gramu 300 hadi 500. Ghala la pili ni la mafuta, nalo ni kubwa mno. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, hali gramu moja ya sukari ina kalori 4. Mtu mwenye kilo 30 za mafuta mwilini amebeba akiba ya zaidi ya kalori 200,000, akiba ambayo ingemtosha kwa majuma mengi.

Mlinzi wa maghala hayo ni insulini, kichocheo kinachotolewa na kongosho. Mtu anapokula, hasa vyakula vya wanga na sukari, insulini hupanda katika damu. Huiamuru misuli ipokee sukari, na wakati huo huo huufunga mlango wa ghala la mafuta. Baada ya saa 10 au 12 za usiku bila chakula, hali hugeuka. Insulini huwa imeshuka, sukari ya ini imepungua sana, na mlango wa ghala la mafuta umefunguliwa. Mtu akitembea au akiendesha baiskeli wakati huo, sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake hutoka katika mafuta. Akifanya kazi ile ile baada ya kunywa chai yenye sukari na mkate, sehemu kubwa zaidi itatoka katika sukari.

Elimu hii haikuanza jana. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Denmark, August Krogh na Johannes Lindhard, walichapisha uchunguzi wao juu ya jinsi misuli inavyotumia mafuta na sukari kwa kuchanganya, na jinsi chakula alichokula mtu kabla ya kazi kinavyoubadili mchanganyiko huo. Tangu hapo wataalamu wengi wameongeza kwamba nguvu ya zoezi nayo ina neno lake. Kwenda kwa mwendo wa wastani, ule unaomwezesha mtu kuzungumza ingawa hawezi kuimba, ndiko kunakochoma mafuta mengi zaidi kwa dakika. Anayekimbia mbio za kukata pumzi, awe amekula au hakula, misuli yake hulazimika kudai sukari, kwa kuwa mafuta hayawezi kuchomwa upesi kiasi hicho. Kwa hiyo, yule anayetoka na njaa kisha akafyatuka kama anayefukuzwa na nyuki hajalielewa hata lile analolitafuta.

Kwa mtu mnene kuna tatizo la ziada. Miaka ya tisini David Kelley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, nchini Marekani, walionyesha kwamba misuli ya watu wanene mara nyingi hupoteza wepesi wa kuhama kutoka nishati moja hadi nyingine. Usiku, wakati ambapo ingepasa kutegemea mafuta, haiyachomi ipasavyo. Na baada ya mlo, wakati ambapo ingepasa kuipokea sukari, huikaidi insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike. Ukaidi huo wa mwili kwa insulini ndio njia kuu inayoelekea kwenye kisukari cha ukubwani, na mtu anaweza kuitembea njia hiyo kwa miaka mingi bila kusikia maumivu yoyote.

WALIYOYAONA WATAALAMU WA BATH

Swali likawa, je, kufanya mazoezi kabla ya kula kunaweza kuirudishia misuli ya mtu mnene wepesi wake? Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bath na wa Chuo Kikuu cha Birmingham, nchini Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio lililolijibu swali hilo kwa uangalifu. Waliwachukua wanaume 30 wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia, ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi, wakawagawa katika makundi matatu. Kundi moja liliendesha baiskeli kwa mwendo wa wastani kabla ya kifungua kinywa. La pili liliendesha vivyo hivyo, lakini baada ya kifungua kinywa. La tatu halikubadili chochote katika maisha yake. Jaribio lilikwenda kwa majuma sita.

Jambo la kuzingatia ni kwamba makundi mawili ya baiskeli hayakutofautiana kwa wingi wa chakula wala kwa wingi wa kazi. Yalitofautiana kwa utaratibu tu, yaani kipi kitangulia na kipi kifuate. Hata hivyo, wale waliotangulia kufanya mazoezi walichoma mafuta karibu mara mbili ya wenzao wakati wa mazoezi hayo. Na majuma sita yalipokwisha, miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi. Insulini kidogo ilitosha kuifanya kazi ambayo zamani ilidai nyingi. Misuli yao nayo ilionyesha mabadiliko ya ndani, pamoja na ongezeko la zile protini zinazoivusha sukari kutoka katika damu na kuiingiza katika misuli.

Na uzito je? Hapo ndipo wabishi wa pande zote mbili wanapopaswa kutega sikio. Makundi yote mawili ya baiskeli yalipungua uzito kwa kiasi kinachofanana. Mizani haikuweza kumtambua aliyefanya mazoezi na njaa na aliyefanya ameshiba. Laiti wataalamu wale wangekuwa na mizani peke yake, wangeandika kwamba njaa haina faida yoyote, wakafunga vitabu vyao. Kwa sababu walipima damu na misuli, waliona yale ambayo mizani haina macho ya kuyaona.

Mkulima wa Tanzania hatashangazwa sana na habari hizi. Tangu enzi za mababu, mtu wa kijijini huamka na jembe lake, hulima umande ukingali majanini, na uji au viazi humfikia shambani jua likiwa limekwisha kupanda. Yeye hakuwa na haja ya kuhesabu kalori. Hata hivyo si vema kumfanya mkulima huyo kuwa kigezo cha kila kitu. Mara nyingi alifanya hivyo kwa sababu chakula cha asubuhi hakikuwapo, na jembe lake lilimtumikisha kutwa nzima, si nusu saa. Mtumishi wa ofisini hawezi kuiga njaa yake akaacha jasho lake.

KWA NINI MIZANI HAISOGEI

Waingereza hawakuwa peke yao. Mwaka 2014 Brad Schoenfeld na wenzake, huko Marekani, waliwafuatilia wanawake vijana 20 kwa majuma manne. Wote walipunguza chakula, na wote walifanya mazoezi ya saa moja mara tatu kwa juma. Nusu yao wakiwa hawajala na nusu wakiwa wamekula. Wote walipungua, wala hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Wanawake hao hawakuwa wanene, na kwa hiyo mtu angeweza kusema kwamba matokeo yao hayamhusu mwenye kitambi. Lakini mwaka mmoja kabla, mwaka 2013, wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, walikuwa wamechapisha jaribio la wanawake 16 wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia, waliofanya mazoezi makali ya vipindi vifupi kwa majuma sita. Mafuta ya mwili yalipungua kwa waliokula na kwa wasiokula pia, bila tofauti.

Sababu yake si uchawi. Mwili hauifungi hesabu yake kila saa. Anayechoma mafuta zaidi asubuhi, huku akihifadhi sukari yake, ataichoma sukari hiyo baadaye. Na anayechoma sukari zaidi asubuhi atayachoma mafuta zaidi atakapolala. Ni kweli kwamba wataalamu wa Tsukuba, nchini Japani, waliwaweka vijana wa kiume katika chumba maalumu cha kupimia pumzi, wakaona mwaka 2015 kwamba mazoezi ya kabla ya kifungua kinywa yaliongeza uchomaji wa mafuta kwa saa zote 24. Lakini vijana wale hawakuwa watu wanene, na chakula chao kilipimwa ili kilingane na nguvu waliyoitumia. Katika hali hiyo, mafuta yanayochomwa zaidi hufidiwa na sukari inayowekwa ghalani, na jumla ya akiba haipungui. Uzito hupungua pale tu nguvu inayotoka inapoizidi ile inayoingia, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi.

Hesabu ndogo yatosha kulionyesha hilo. Mtu wa kilo 90 akitembea upesi kwa saa nzima hutumia kiasi cha kalori 350 hadi 400. Hata kama nusu ya hizo zimetoka katika mafuta, basi amechoma gramu 20 hivi, uzito usiofikia vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia. Akirudi nyumbani akajipongeza kwa chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari tele, amekwisha kuzirudisha kalori zote na nyingine juu yake. Njaa ya alfajiri haikufanya kosa. Kosa limefanyika mezani, saa 2 asubuhi.

Kwa hiyo, yule karani aliyevitupa viatu vyake uvunguni alikuwa ameonewa na mizani. Katika mwezi ule huenda misuli yake ilikuwa imeanza kujifunza tena kuyatumia mafuta, na kongosho lake lilikuwa limeanza kupata nafuu. Kama angepima kiuno chake kwa utepe wa fundi cherehani, au sukari ya damu yake katika zahanati, huenda angepata habari njema zaidi. Aliuliza swali lisilofaa, akapata jibu lisilofaa, akaiacha dawa iliyokuwa ikimponya.

NJAA SI YA KILA MTU

Upande wa pili wa jambo hili ni wa hatari, nao haufai kunong'onwa. Wafaa kusemwa waziwazi. Mgonjwa wa kisukari anayedungwa insulini, au anayetumia vidonge vinavyolilazimisha kongosho kuitoa insulini, kama vile glibenklamaidi, hana mlango wa ghala unaofunguka na kufungwa kwa kufuata mlo. Dawa huendelea kuishusha sukari hata kama hakula. Misuli nayo inapofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu bila kungoja ruhusa ya insulini. Mambo hayo mawili yakikutana katika tumbo tupu, sukari inaweza kushuka hadi mtu atetemeke, atokwe na jasho jembamba, achanganyikiwe, na hatimaye azirai. Anayeona dalili hizo na asimame mara moja, na apewe vijiko vitatu vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Kuendelea kukimbia ili asionekane mnyonge mbele ya wenzake ni upumbavu, si ushujaa.

Kwamba hatari hiyo si ya kubuni huonekana katika uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 13 juu ya wagonjwa wa kisukari waliofunga mwezi wa Ramadhani mwaka 2001. Miongoni mwa wenye kisukari cha ukubwani, matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka mara saba na nusu yakilinganishwa na miezi mingine. Na miongoni mwa wenye kile cha utotoni, karibu mara tano. Hao walikuwa wamefunga tu, bila kuongeza mbio juu yake.

Hapa pana jambo jingine ambalo watu wa pwani, wa Unguja na wa Pemba wanalo sababu maalumu ya kulifahamu. Mfungo wa majaribio ya kitaalamu si sawa na saumu. Wanaume wa Bath walikuwa wamelala usiku bila chakula, lakini maji hawakukatazwa. Mwenye saumu hana chakula wala maji, na kadiri siku inavyokwenda katika joto la pwani ndivyo mwili wake unavyokauka. Anayetaka kutembea kwa ajili ya afya katika mwezi huo, na afanye hivyo kwa mwendo mwepesi, karibu na magharibi, ili futari isiwe mbali. Au asubiri hadi baada ya kufuturu. Matokeo ya Uingereza hayawezi kuhamishwa tu yakawekwa mchana wa Ramadhani, saa 8, juu ya lami ya Dar es Salaam.

Wapo pia wajawazito, wenye vidonda vya tumbo, wenye maradhi ya moyo, na wale ambao shinikizo la damu yao halijatulizwa. Hao hawana ubishi wa kufanya katika chumba cha walimu. Wao wana daktari wa kumwona. Tena ifahamike kwamba jaribio la Bath lilikuwa la watu wachache, wanaume peke yao, kwa majuma sita. Lastahili kuheshimiwa, lakini halistahili kugeuzwa kuwa amri ya kuwafunga wanawake na wanaume wa nchi nzima.

LILILO KUBWA KULIKO NJAA

Baada ya kuyapima hayo yote, mtumishi mnene ambaye hana kisukari, wala hatumii dawa za kushusha sukari, anaweza kuufuata utaratibu wa kabla ya kula bila hofu, ikiwa unamfaa. Na anywe maji, aende mwendo wa wastani, aanze na dakika 20 au 30, na kifungua kinywa chake kiwe chakula cha kweli, si zawadi ya kujipongeza. Atakuwa amepata nyongeza ya faida kutoka katika kazi ile ile. Lakini hiyo ni nyongeza tu, haiwezi kuwa msingi. Yule ambaye ratiba yake haimruhusu, kama mwalimu anayeingia daladala gizani, au muuguzi anayetoka zamu asubuhi, asiambiwe kwamba mazoezi yake ya jioni ni bure. Kumwambia hivyo ni kumfukuza katika njia ya afya kwa sababu hakuingia kwa mlango wa mbele.

Ushahidi mzito kuliko wote katika jambo hili hautaji njaa kabisa. Mwaka 2002 matokeo ya mpango mkubwa wa kuzuia kisukari nchini Marekani yalichapishwa. Watu 3,234 wenye uzito uliozidi, ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, walifuatiliwa kwa karibu miaka mitatu. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, na kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kila juma, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Hakuna aliyelazimishwa kukimbia kabla ya chai. Waliloombwa ni kwenda, kula kwa kiasi, na kutoacha.

Dakika 150 kwa juma ni nusu saa kwa siku tano. Nayo nusu saa hiyo inahitaji mahali na nafasi. Mwaka 2016 Serikali ilipohimiza wananchi wafanye mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi, ilifungua mlango mzuri. Lakini siku moja katika mwezi haiwezi kulipa deni la siku 29 za kuketi. Wakuu wa ofisi na wakuu wa shule wanao uwezo wa kufanya zaidi bila kungoja fedha. Viwanja vya shule huwa vitupu jioni; walimu wanaweza kuvitumia. Vikao vingine vyaweza kufupishwa. Na waganga wa wilaya wanaweza kuzitembelea klabu za mbio, wakapima shinikizo la damu na sukari kabla watu hawajaanza kukimbia, wakamwambia kila mmoja kama njaa yamfaa au haimfai. Hiyo ndiyo kazi ya elimu ya afya, nayo haipaswi kuachiwa shemeji na jirani.

Watanzania waliwahi kulifanya jambo kama hilo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi vyao, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Adui wa wakati ule alikuwa malaria, kichocho na kuhara. Adui wa leo amekaa kiunoni, haumi, wala haoni haraka. Lakini njia ya kumshinda ni ile ile: watu waelezwe ukweli kwa lugha wanayoielewa, kisha wautende pamoja.

Karani na avitoe viatu vyake uvunguni. Akitaka aende kabla ya chai, na akitaka aende baada yake. Mizani ikinyamaza kwa mwezi mmoja asiisikilize, bali amwulize mganga juu ya damu yake na fundi juu ya kiuno chake. Naye mwalimu mwenye vidonge vya kisukari mfukoni na ale kwanza, atie vipande vya sukari katika mfuko wa pili, kisha aungane na wenzake barabarani. Hatakuwa amechelewa.